Yai Kwenye Pirozhki za Arobaini

Mume wangu Arkady alifariki mwanzoni mwa Februari, na siku yake ya arobaini ikaangukia Jumatano ya Kwaresima. Katikati ya wiki, wakati wa mfungo mkuu, kwetu hatuweki meza ya kumkumbuka marehemu, kwa hiyo padri akatusogeza hadi Jumamosi. Nilishukuru. Jumamosi mafuta ya alizeti yanaruhusiwa, na pirozhki, vile vimikate vyetu vya kujazwa ndani, zikikandwa bila tone la mafuta ni sawa na kutafuna ubao.

Ijumaa mchana nilikata kabichi tatu, nyembamba kama nyuzi. Nikazikaanga taratibu na vitunguu, pamoja na uyoga mkavu ambao Arkady mwenyewe aliuokota Septemba na kuutunga kwenye uzi juu ya jiko. Chumvi nilitia mwisho kabisa. Ukiitia mwanzo kabichi inatoa maji, na maji hayo yakishaingia kwenye donge la unga, pirozhki inapasuka tumbo. Nikaiacha ipoe kwenye beseni la bati usiku kucha, maana kitu cha moto hakiwekwi ndani ya donge la hamira. Ilijaa beseni na kubaki. Maisha yangu yote sijawahi kupatanisha kabichi na unga. Siku zote kimoja kinazidi.

Jumamosi niliamka kabla hakujapambazuka nikakanda. Unga, maji ya uvuguvugu, hamira, kijiko cha sukari, chumvi, mafuta ya alizeti. Maziwa hapana, siagi hapana, yai hapana. Donge liliumuka mara mbili karibu na ukuta wa jiko, nimelifunika kwa koti la zamani la Arkady la kazini, lile la reli, kwa sababu hakuna kitu kinachoshika joto kama koti lile. Saa moja na robo asubuhi pirozhki sitini na nne zilikuwa zimepangwa kwenye sinia za kuokea, mshono ukiwa chini, zikisubiri kuvimba mara ya mwisho.

Rangi nayo nilikuwa nimeitayarisha. Pirozhki za mfungo hazipakwi yai. Zinapakwa chai ya rangi, kali, majani vijiko viwili na sukari vijiko vitatu kwenye kikombe kimoja, unaiacha mpaka iwe nyeusi kama lami. Kikombe nilikiweka dirishani na ndani yake nikasimamisha unyoya wangu wa bata bukini, ambao ndio brashi yangu tangu nilipoolewa. Si unyoya uleule, jamani, nabadilisha.

Nikamwachia jiko mkwe wangu Rimma, mke wa mwanangu Gennady. Rimma ni mpishi wa kantini ya wafanyakazi wa reli pale stesheni. Kwa siku anaoka pirozhki mia tatu na hapumui kwa nguvu. Nikamwambia, "Mwanangu, zikishavimba, paka, tia motoni, toa, funika kwa taulo. Basi."

"Mama, nenda kanisani," akasema. "Unanifundisha kuoka pirozhki? Ni kama umfundishe dereva wa treni kupiga honi."

Nikaenda.

Sasa niseme kwa nini nilihangaika hivyo kwa ajili ya meza moja. Ni kwa sababu ya wifi yangu Kapitolina, dada yake Arkady, aliyekuwa pekee aliyebaki katika ndugu zake. Anakaa ng'ambo ya barabara, nyumba yenye madirisha ya buluu. Kutoka mlango wangu hadi mlango wake ni hatua thelathini na nane, na kwa miaka tisa hakuna aliyezitembea isipokuwa Arkady.

Kosa lilikuwa langu. Arkady alipofikisha miaka sabini tulialika watu, na Kapitolina akaja na bakuli la pirozhki zake. Yeye hakandi kwa hamira. Anatumia donge la maji ya moto, la haraka, halisubiri chochote. Anasukuma jembamba, anajaza, anakunja, anakaanga kwenye kikaango. Nusu saa, kwisha. Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri kukanda, miguu inaniuma, halafu naona wageni wanakimbilia bakuli lake. Nikasema kwa sauti, meza nzima isikie, "Hizo ni pirozhki za mwanamke anayeogopa kuamka mapema." Watu wakacheka. Ningenyamaza hapo. Lakini walivyocheka nikanogewa, nikaongeza, "Ndiyo maana Vadim naye alikwenda kutafuta donge lililoumuka."

Vadim alikuwa mume wake. Alimwacha kwa ajili ya mwanamke wa duka la mkate, mnene, mweupe. Mji mzima ulijua.

Kapitolina alichukua bakuli lake, akalifunika kwa kitambaa chenye mistari myekundu, akavaa koti, akaenda. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu, na akitaka kunitaja kwa watu hakusema jina langu, Tasya, alisema "mke wa kaka." Arkady alikuwa anakula kwake, anarudi anakula kwangu, akanenepa, hakumsema yeyote. Mara moja tu, hospitalini, siku mbili kabla hajafa, aliniambia, "Mkae meza moja, wewe na Kapa. Ile ya arobaini. Nitakuwa bado nipo nipo."

Maana sisi tunaamini hivyo: mpaka siku ya arobaini marehemu bado anazungukazunguka nyumbani, halafu anakwenda zake moja kwa moja. Siku ya mazishi Kapitolina alisimama kaburini kisha akageukia kwake. Siku ya tisa, ambayo nayo tunamwekea marehemu meza, alituma neno kwamba anaumwa magoti. Ilibaki arobaini, na baada ya hapo hakuna nyingine ya kumtimizia.

Gennady alimwendea wiki moja kabla. Akarudi na jibu: "Shangazi anasema atakuja. Ila anafunga Kwaresima yote, hali hata samaki. Meza ikiwa ya mfungo kweli atakaa. Isipokuwa ya mfungo atasimama mlangoni, atamwombea kaka yake, atarudi kwake."

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa cha mfungo. Ngano ya asali na zabibu kavu, supu ya uyoga, viazi, matango ya chumvi, uji mzito wa matunda. Na pirozhki.

Misa iliisha mapema. Makaburini theluji bado ilikuwa ya magotini, na Gennady alitaka kwenda kwanza na wenzake watatu kusafisha njia, kisha padri afike. Akaniambia, "Mama, wewe ulikwenda juzi, ukaanguka mara mbili. Nikurudishe nyumbani, tuonane saa sita mezani." Sikubishana. Saa nne na dakika kumi nilikuwa getini.

Harufu ilikuwa nzuri mno. Hiyo ndiyo ilinishtua. Chai haina harufu ile.

Nikaingia, nikavua shali, nikafunua taulo ya kwanza. Zilikuwa zinang'aa. Sikuhitaji taa. Chai inatoa rangi ya ngozi ya mtu aliyelima juani, imara lakini imefifia. Hizi zilikuwa kama samani mpya iliyopigwa vanishi. Kwenye beseni la kuoshea vyombo kikombe changu kilikuwa kimesuuzwa, unyoya umelala pembeni una njano, na kando yake maganda manne ya mayai.

Mayai yalikuwa ya kwangu mwenyewe. Kuku hawajui Kwaresima, wao wanataga tu, na mimi nilikuwa nayakusanya kwenye kikapu chini ya benchi kwa ajili ya Pasaka, pamoja na mfuko wa maganda ya vitunguu ya kuyapaka rangi.

"Rimma," nikaita.

Akatoka chumbani amebeba sahani. "Umeziona, Mama? Zimekubali leo! Hata kantini hazijawahi kutoka hivi."

"Umezipaka nini?"

"Nimezipaka..." Akaangalia sinia. Akaniangalia. Akaziweka sahani chini moja moja, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Ee Mungu wangu."

"Na chai yangu?"

"Nilijua ni chai ya jana, Mama. Nikaimwaga. Nikasuuza kikombe. Nikapiga mayai. Mama, mikono ndiyo imefanya! Miaka ishirini na mbili napaka yai. Mimi kichwani nilikuwa namwaza Baba, mikono ikaendelea na kazi yake."

Nikakaa kwenye benchi. Sikumfokea. Kumfokea kungechukua dakika tano na nilikuwa na saa moja na dakika hamsini.

Rimma akaanza kulia na kufikiri kwa wakati mmoja. "Ni juu tu, Mama. Ndani ni mfungo mtupu. Tukizifuta?"

Tukajaribu. Nililowesha kitambaa kwa maji ya moto, nikasugua moja. Rangi ilitoka vipande vipande, ikabaki kama kiazi chenye ukoko.

"Hii ina tetekuwanga," akasema Rimma, akaanza kucheka ndani ya machozi, halafu akajiziba mdomo. "Samahani, Mama. Basi tusiseme. Nani atajua? Shangazi ana mtoto wa jicho, hata noti za pensheni anazisoma kwa kuzigusagusa."

Sitaficha, nililifikiria. Nililifikiria kwa muda wa kuosha mikono na kuikausha. Angekuja, angekaa, angekula moja, Arkady angekuwa ameridhika, na mimi ningekuwa nimemlisha dada yake yai ndani ya Kwaresima huku nikimtazama usoni. Kosa la kwanza nililitenda mbele ya watu. Hili ningelitenda kimya kimya, na hili lingekuwa baya zaidi.

"Hapana," nikasema. "Kabichi imebaki kiasi gani?"

"Nusu beseni."

"Basi tatizo ni donge tu."

Donge la hamira linataka saa tatu. Rimma akasema kantini wana donge la mtindi wa kunywa, dakika arobaini. Mtindi ni maziwa. Akatoa simu, akasema humo kuna maelfu ya mapishi ya mfungo, akanisomea moja: maji baridi, unga, chumvi. Tukalikanda upesi upesi, tukasukuma moja, tukaikaanga kwa kujaribu. Nikaiuma. Ilinirudishia meno. Tukajaribu la pili, mimi nikasema nakumbuka kwa Kapitolina maji ni ya moto, nikamimina maji ya birika juu ya unga. Likawa madonge madonge, nje gundi, ndani unga mkavu. Saa nne na dakika hamsini.

Nikavaa koti.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Ng'ambo."

Rimma alinipa viatu vya mpira vilivyokuwa karibu na mlango, na nikavivaa bila kuangalia, vilikuwa vya Arkady. Barabara ilikuwa na maji ya theluji inayoyeyuka juu na barafu chini, kwa hiyo nilizitembea zile hatua thelathini na nane kwa muda mrefu, nikijishikilia kwenye uzio wangu, halafu hewani, halafu kwenye uzio wake.

Kapitolina alikuwa amekaa dirishani na Zaburi mapajani. Magoti yake hayamruhusu kupanda kilima cha kanisa, kwa hiyo Jumamosi anajisomea.

"Mlango uko wazi, usiuvunje," akasema kabla sijagonga. "Nimekuona tangu getini kwako. Unatembea kama bata aliyemeza kokoto. Viatu gani hivyo?"

"Vya Arkady."

Akavitazama tena. "Misa imeisha?"

"Imeisha."

"Jina lake limesomwa?"

"Limesomwa, wazi wazi. Wote wamesikia."

"Basi mbona uko hapa na si jikoni? Watu wanakuja saa sita."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini yaliishia kwenye barafu. Nikasema, "Pirozhki zimepakwa yai."

Akaweka utepe kwenye ukurasa, akafunga Zaburi. "Zote?"

"Zote sitini na nne."

"Kapaka nani?"

"Zimepakwa jikoni kwangu."

"Sikuuliza jiko la nani."

"Jiko langu, basi na mkono wangu."

"Mkono wako ulikuwa kanisani," akasema. "Nimekuona ukiingia kwenye gari saa moja na nusu, umevaa shali ya kijivu. Na moshi wa oveni umeanza saa mbili. Nina mtoto wa jicho, si kipofu." Akajivuta kwenye kiti. "Ungeziweka tu mezani. Ningejuaje mimi?"

"Usingejua."

"Basi?"

"Mimi ningejua."

Saa yake ya ukutani ina mlio mkubwa, Arkady ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Nikawa nazihesabu dakika zangu humo.

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Donge lako. Lile la maji ya moto."

"Lipi hilo? La mwanamke anayeogopa kuamka mapema?"

"Hilohilo."

"Ah." Akakunja mikono. "Maji ya moto, unga, mafuta, chumvi. Mtoto wa chekechea anaweza. Nenda kakande."

"Nimekanda mara mbili. La kwanza ni soli ya kiatu, la pili gundi ya karatasi za ukutani."

Mdomo wake ulitingishika upande mmoja, akaurudisha mahali pake. Nikaona kwamba hanipi, na kwamba ana haki ya kutonipa, na kwamba nilikuwa nimesimama pale na viatu vya marehemu nikiomba unga kabla ya kuomba kile kingine.

"Kapitolina," nikasema, "siku ile ya Arkady kufikisha sabini nilisema neno."

"Maneno mawili."

"Mawili. Ndiyo. Nilikuwa na wivu. Watu walikuwa wanakula zako, zangu zimekaa. Nikataka wacheke. Sikupaswa kusema lile la Vadim, wala mbele ya watu wala pembeni. Nimelijutia tangu ulipofunga mlango, nikaona haya kukuambia, halafu haya ikazoea kukaa."

"La unga nililisahau mwaka uleule," akasema Kapitolina. "La Vadim sikulisahau."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa nikikaa hapa naona watu wanapita, nasema, yule alikuwepo, alicheka. Yule hakuwepo, naweza kumsalimia. Miaka tisa."

Akashika meza, akainuka. Alifungua kabati, akatoa aproni, akatoa mti wake wa kusukumia, mwembamba, usio na mishikio. Halafu akachukua fimbo yake.

"Wako mnene kama gogo, hausukumi chochote," akasema. "Nipe mkono. Na usinivute, nikianguka mimi na wewe watatukuta Mei, theluji ikiisha."

Tulivuka tumeshikana kama walevi wawili. Rimma alikuwa dirishani, na tulipofika mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

"Shangazi, karibu, karibu, Shangazi..."

"Nani kapaka yai?" akauliza Kapitolina hata hajavua koti.

Rimma akawa mwekundu mpaka shingoni. "Mimi, Shangazi."

"Najua. Wifi yangu kajaribu kunidanganya, na kudanganya hajui. Weka birika motoni." Akafunua taulo, akainamisha uso karibu kabisa na sinia. "Zimependeza, lakini. Ningekuwa mpagani ningekula nne."

Sasa nitaandika jinsi anavyofanya, maana nilisimama pembeni nikaangalia kila kitu, na tangu siku hiyo sijakosea.

Glasi tatu za unga zinachungwa kwenye bakuli pana, na chumvi kijiko kidogo. Kwenye sufuria ndogo unaweka glasi moja ya maji na mafuta ya alizeti robo glasi, vyote pamoja, ndipo unachemsha. Hapo ndipo nilipokosea: mimi nilitia maji peke yake, na mafuta nikayakumbuka baadaye. Vikichemka mpaka vinarukaruka, unamimina kwa mara moja, hudondoshi dondoshi, na unakoroga upesi kwa mwiko wa mti. Linakuwa baya kutazama. Usiogope. Likipoa kiasi cha kuvumilika mkononi unalikanda mpaka lilainike kama ndewe ya sikio. Halafu unachukua sufuria nyingine tupu, unaipasha moto, unaipindua juu ya donge kama kofia. Robo saa. Ndani ya lile joto donge linapumzika, halikazi tena.

"Robo saa unafanya nini?" nikauliza.

"Unakaa. Ndiyo faida yake," akasema Kapitolina, akakaa.

Tulikanda mara mbili, glasi sita za unga kwa jumla. Akasukuma yeye, kwa ule mti mwembamba, duara baada ya duara, jembamba hata ukaona mistari ya meza kupitia kwake. Mimi nikapewa kujaza na kukunja. Rimma kikaangoni.

"Unaweka kabichi kama unamlisha ndege," akaniambia Kapitolina. "Tia! Kijiko kijae. Sasa bana ukingo. Mbona unaibembeleza? Si mtoto, ni pirozhki. Bana!"

"Nimezoea la hamira, ukilibana linakasirika."

"Hili halikasiriki. Hili limevumilia mengi."

Rimma akageukia kikaango haraka, nikaona mabega yake yanatikisika.

Saa tano na dakika hamsini tulikuwa na thelathini na nane kwenye sahani, bapa, za kahawia zenye malengelenge, zinatoa mlio. Kabichi iliisha sawasawa na donge. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu, na haikuwa kazi ya mkono wangu.

Zile sitini na nne Rimma akazipanga kwenye masanduku mawili. Mmoja wa wenzake Gennady, alipotoka makaburini, akazipeleka stesheni, kwenye chumba cha zamu, kwa vijana wa njia ya reli ambao hawafungi, ili wale wamkumbuke Arkady Tikhonovich aliyefunga mataruma ya reli kwenye njia hiyohiyo miaka thelathini na moja. Niliambiwa zilikwisha kabla treni ya mizigo ya saa saba haijapita.

Saa sita watu wakaja, wekundu kwa baridi, miguu imelowa. Tukasimama, padri akaomba, tukakaa. Mwanzo wa meza kulikuwa na bilauri ndogo ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate mweusi, ya Arkady, na kiti chake kitupu. Kushoto kwa kiti hicho ni mahali pangu. Kulia nilikuwa nimemwekea Kapitolina kiti, na mpaka dakika ile ya mwisho nilikuwa sijui kama kitakaliwa.

Alikuja kutoka jikoni bila aproni, amefunga kitambaa kipya cha kichwa. Akatazama meza kutoka mwisho mpaka mwanzo, kwa utaratibu, kwa yale macho yake ya ukungu. Ngano. Supu. Viazi. Matango. Akamuuliza padri, "Uji una nini?" Padri akasema, "Matunda na maji, Kapitolina Tikhonovna, nimeonja." Akavuta kiti. Magoti yalilia, na akakaa.

Akala kijiko cha ngano kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akachukua pirozhki kutoka sahani, akaivunja, akaiangalia ndani, akatafuna kwa muda mrefu. Mimi sikuwa nakula. Meza nzima ilikuwa inajua, na meza nzima ilijifanya inatafuta chumvi.

"Rimma," akasema.

"Naam, Shangazi?"

"Umekaangia moto mkali. Juu imeungua, katikati bado."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mafuta yakianza kutoa moshi, punguza." Akamaliza nusu ya pili, akapangusa vidole. "Pasaka utakuja kwangu kunipakia mikate yai. Nataka ing'ae kama zile za asubuhi."

"Nitakuja, Shangazi."

Halafu akachukua nyingine, akanyoosha mkono juu ya bilauri ya Arkady, akaniwekea kwenye sahani.

"Kula, Tasya," akaniambia. "Zinapoa."

Nikala. Ilikuwa imeungua kidogo juu, kama alivyosema.